Mama wa ku Simu

Jumapili saluni ilifungwa saa nane mchana. Victoire alipofika nyumbani Bertrams, mtaa wa Johannesburg, alivua viatu mlangoni akabaki amesimama na soksi, kwa sababu alijua akikaa tu hatainuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kusuka tangu asubuhi. Hata hivyo, hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiingoja wiki nzima. Alijikokota hadi chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akapiga simu ya video Lubumbashi, Kongo.

Arlène, binti yake wa miaka sita, alitokea kwenye kioo cha simu na kipande cha mkate mkononi. Alisema neno moja, akaganda mdomo wazi. Ikaja sauti bila picha, kisha picha bila sauti, kisha lile duara likaanza kuzunguka. Victoire alifanya yale yale ya kila Jumapili: akapaza sauti, akauliza kama anasikika, akarudia salamu alizokwisha kuzitoa. Picha iliporudi, mtoto hakuwepo. Alikuwepo mama yake Victoire mwenyewe, ambaye mjukuu wake humwita Kambo, kama wanavyowaita mabibi huko kwao.

"Amekimbia," Kambo alisema, akitazama pembeni. "Anasema mama wa ku simu hasikiake. Anafungula tu kinywa."

Victoire alimwacha mtoto huyo angali anabebwa mgongoni. Karatasi alizokuwa nazo zilimruhusu kuishi Johannesburg, lakini hazikumruhusu kwenda nyumbani akarudi, na hakuna aliyejua lini zingebadilika. Kwa hiyo yote aliyokuwa nayo kama mama yalipita kwenye simu hiyo, Jumapili mchana. Siku Arlène angekataa kabisa kuja kwenye simu, hakungekuwa na njia nyingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, ya vyumba vinne, na vyumba vyote vinne vilinyonya laini moja ya intaneti kutoka kwenye ruta iliyowekwa ukumbini juu ya rafu ya viatu. Mama Marcelline, fundi cherehani aliyeipanga nyumba kwa jina lake, alisikiliza mahubiri kutwa. Pitchou, mlinzi kutoka Bukavu, alitazama mpira. Wa nne alikuwa Fahad, kijana wa Tanga anayetengeneza simu Newtown, na ndiye Victoire aliyemfuata jioni ile kumwomba msaada.

Fahad alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba ruta inaweza kuamriwa nani apite kwanza. Simu yake ikishapewa kipaumbele, wengine watapunguziwa kasi kila anapopiga.

"Ni kama ambulensi ikifika kwenye robot," alisema, kwa neno la huko la taa za barabarani. "Wengine wote wanasubiri."

"Teksi za hapa hazisubirie hata ambulensi."

"Ruta si dereva wa teksi, da Victoire."

Alifungua kompyuta yake, akaingia kwenye ukurasa wa ruta, na hapo ikatokea orodha ya simu zote zilizounganishwa. Hapakuwa na jina hata moja la mtu wa nyumba ile. Simu zote zilinunuliwa kwa watu, na kila moja ilikuwa bado inajitambulisha kwa jina la mwenyewe wa zamani: Kagiso, Mrs Pillay, Johan, Precious. Ungedhani nyumba ina wapangaji wengine wasioonekana. Fahad alimuuliza Victoire simu yake aliinunua kwa nani. Victoire alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yamefumba. Akajibu kwamba ni kwa Precious, mteja wake wa saluni. Fahad akampandisha Precious juu ya wote, na Victoire akaenda kulala bila kula.

Jumapili iliyofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Duara lilizunguka hadi Victoire akaanza kuliona hata akiangalia ukuta. Chumba cha pili Pitchou alikuwa akitazama mechi, na mtangazaji alitiririka bila kukwama hata mara moja. Sauti ya Kambo iliposhika, alisema Arlène ameenda kwa jirani. Lakini nyuma yake Victoire alimsikia Arlène mwenyewe akiuliza kama ile simu imekwisha.

Hakumlaumu mama yake kwa uongo ule. Aliaga, akaenda jikoni, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa akaanza kumenya viazi, ingawa zamu ya kupika haikuwa yake.

Pitchou aliingia kuchemsha chai, uso umekunjuka. "Mama Arlène," alisema, "hii juma laini imekuwa muzuri sana. Mupira haikatike. Hata penalti nimeona yote."

Aliweka simu mezani ili akoroge sukari. Victoire aliitazama bila nia yoyote, na macho yake yakatua kwenye ufa uliokuwa kwenye kona ya kioo. Ufa huo aliujua. Yeye ndiye aliyeiangusha simu hiyo kwenye vigae vya saluni. Ndipo alipokumbuka: wakati wa Noeli walibadilishana. Ya kwake ilikuwa na betri inayostahimili zamu ndefu za ulinzi, ya Pitchou ilikuwa na nafasi kubwa ya kuhifadhi, na kila mmoja akachukua ya mwenzake. Uchovu ulikuwa umemfutia kitu kikubwa kama hicho.

Alimwita Fahad. Fahad alikuja na mswaki mdomoni.

"Precious ni Pitchou," Victoire alimwambia.

Fahad alimtazama Pitchou, Pitchou akaitazama chai yake. Victoire alijikuta anacheka, kicheko kisicho na nguvu kilichoishia puani.

Safari hii Fahad hakuuliza mtu jina. Aliwapanga wote ukumbini, akawaamuru wazime simu mmoja mmoja, naye akatazama jina gani linatoweka kwenye orodha. Mama Marcelline alitoka na sindano katikati ya midomo, akaambiwa yeye ni Kagiso, akasema jina si baya. Victoire alikuwa Johan. Fahad akamshusha Precious, akampandisha Johan.

Pitchou alinung'unika kwamba wamempa nyama wakamnyang'anya ikiwa mdomoni. Alisema angekuwa na uwezo angepakua mechi akazihifadhi na kuzitazama polepole, lakini simu imejaa, haipokei hata picha. Fahad akamuuliza imejaa nini.

"Video za Arlène," Pitchou alisema, akimgeukia Victoire. "Nilikuambia Noeli. Ukasema utazikamata juma inakuya."

Kweli alisema hivyo, na kila wiki ilikuwa wiki ijayo. Zilikuwa video alizotumiwa na Kambo miaka yote ile, na kwa kusahau Victoire alikwishajiambia zimepotea.

"Si ungezifuta tu, bwana, upate nafasi," Fahad alisema.

"Nifute mutoto ya mutu namna gani?"

Fahad aliingia chumbani kwake akatoka na diski aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaichomeka kwenye tundu la nyuma ya ruta. Akawaeleza kwamba hiyo sasa ni kabati la nyumba nzima: yeyote aweza kuweka kitu na yeyote aweza kukitazama, na kilichomo humo hakitumii laini. Mama Marcelline akagundua kwamba kila asubuhi amekuwa akivuta upya mahubiri yale yale. Pitchou akakubali mechi zipakuliwe siku za kazi, nyumba ikiwa tupu. Kabla ya yote Fahad alihamishia humo video kutoka kwenye simu yenye ufa, akazipa folda yake. Victoire alifungua moja tu. Arlène alikuwa akijifunza kutembea, akaanguka kwenye vumbi la uani, akaikasirikia ardhi. Victoire akaifunga. Nyingine zitamngoja.

Jumapili ya tatu picha ilitokea safi, na ikabaki safi. Victoire aliweza kuona pengo la jino lililong'oka. Sasa likaja tatizo ambalo hakulitarajia: hawakuwa na la kusema. Kwa miaka yote mazungumzo yao yalikuwa kuulizana kama wanasikiana. Alimuuliza habari za shule, Arlène akajibu kwa Kifaransa kwamba ni nzuri, "Bien," wakanyamaza. Victoire alishtuka, akataka kupaza sauti kama kawaida yake, kisha akaona kwamba mtoto bado anapepesa macho. Kimya hiki kilikuwa kimya tu. Laini ilikuwepo.

Arlène aliegemeza simu kwenye kitu, akachukua mwanasesere mwenye nywele za nyuzi, akaanza kumsuka. Victoire alijinyoosha kitandani akimtazama.

"Ile ya pembeni pitisha juu ya ya katikati," alisema taratibu. "Usivute."

Mtoto alipitisha. Msuko ulipokaa vizuri, aliinua uso akaisogelea simu.

"Mama, unasikia?"

"Ninasikia."

Arlène alirudi kwenye kazi yake. Vidole vyake vilikuwa na haraka ile ile ya vidole vya Victoire. Kope za Victoire zikawa nzito. Alijiambia atafumba macho kidogo tu.

Alipozinduka simu ilikuwa imeteleza kwenye mto, karibu na shavu lake, ingali na joto. Ndani yake Kambo alikuwa akisema kwamba mama amelala, simu ikatwe apumzike.

"Hapana," Arlène alimjibu. "Namusikia. Anapumua."

Victoire hakufungua macho.