Mlango wa Magharibi

Nalala nikiwa na gundi vidoleni. Si usiku, ni mara tu baada ya chakula cha mchana, studio imejaa joto la bati na feni zinazungusha hewa ileile, na Kasiga, jirani yangu wa meza, ananiambia, Atupele, weka kichwa chini kidogo, jopo la watahini likikaribia nitakuamsha. Namwambia silali. Nimebakiza kusimamisha watu wa kadibodi kwenye modeli yangu, vile vijitu tunavyokata kwa kisu na kuvibandika mlangoni na koridoni ili mtazamaji ajue jengo lina ukubwa gani. Havina uso. Dokta Mshiu, msimamizi wetu, hataki tuvichoree hata macho. Ukiweka uso, anasema, watu watatazama uso na kuliacha jengo. Modeli yenyewe ni bweni la wasichana, kazi yangu ya kumalizia shahada ya uzamili ya usanifu majengo, na kila mtu humu studio anajua kwa nini nimechagua bweni ingawa hakuna anayelisema. Mdogo wangu Tusajigwe, Tusa wetu, aliungulia bwenini, akafa wiki moja baadaye. Moto ulianzia kwenye mlango mkubwa, na mlango wa pili ulikuwapo, ila mbele yake palikuwa pamerundikwa vitanda vibovu. Bweni langu mimi lina mlango kila mwisho wa korido. Nimeapa kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayenasa humo, hata kama ni watoto wa kadibodi, na wanaonionea huruma kwa kiapo hicho wananikera kuliko wanaonicheka. Nambandika msichana wa mwisho, naegemeza shavu mezani nimtazame kwa usawa wa macho yake kama tulivyofundishwa, na korido inazidi kurefuka, inazidi kurefuka, na mimi nimo ndani yake natembea.

Korido inanitoa barabarani. Barabara ni ya kadibodi, haina vumbi, na vilima vinavyoizunguka vina ngazi kwa sababu ndivyo tunavyojenga vilima sisi, tabaka juu ya tabaka, na kila nikifika njia panda naikuta ileile niliyoiacha, na kushoto kuna mji na kulia kuna mji, na wa kushoto ukiwa na nyumba yenye dirisha moja, wa kulia nao unayo. Natafuta bweni. Sijui nani kaniambia nilitafute, ila najua Tusa yumo, najua kama mtu anavyojua kwamba ameacha jiko linawaka. Mtu mwenye begi anakuja mbele yangu. Namfahamu, nimemkata mwenyewe, mguu wake mmoja ni mwembamba kwa sababu kisu kiliteleza. Mahali pa uso pameachwa laini. Samahani kaka, namwambia, bweni la wasichana liko wapi? Kitendawili, anasema. Sina muda wa michezo, lakini mdomo umezoea, unajibu wenyewe, tega. Wote hunivuka, hakuna anayeniaga. Nawaza upesi, nasema, barabara. Umekosa, nipe mji. Nacheka. Nyumbani tukichambua maharage na Mama tulikuwa tunagawiana miji tusiyowahi kuiona, Tusa alikuwa anampa mtu Tanga mara mbili kwa jioni moja bila aibu. Nasema lililo karibu na ulimi, nakupa Tukuyu. Anaupokea. Nimekwenda Tukuyu, anasema, wamenipikia ndizi, wamenitandikia kitanda, jibu ni kizingiti, pita huku. Napita, na hatua chache mbele nataka kuikumbuka mvua ya kwetu na siipati. Natafuta uwanja wa Mama, migomba iliyokuwa nyuma ya choo, kilima tulichoteremka tukienda shule, na pote ni peupe. Halafu na jina la mji linaniponyoka, nabaki nimeachama barabarani, naogopa kweli.

Barabara inajikunja na kunirudisha, na miji yangu miwili imesogea, wa kulia uko kushoto, na mama mwenye mwavuli amesimama katikati. Shikamoo, nasema. Marahaba mwanangu, kitendawili. Nakataa. Nasema safari hii sitegewi, nionyeshe njia. Anafunga mwavuli wake na njia zote zinafungika pamoja nao, natazama huku na huku hakuna pa kukanyaga. Tega basi. Tumezaliwa pamoja, hajawahi kunitazama. Kivuli, nasema, na kabla sijamaliza najua nimekosa. Nipe mji. Nachagua nisioupenda, kwa ujanja, nasema nakupa Mbeya, maana Mbeya ndiko walikompeleka Tusa hospitali, na wiki ile yote ningefurahi mtu aniondolee. Nimekwenda Mbeya, anasema, baridi kali, nimekaa kitandani kwa mgonjwa nimemtazama usoni, jibu ni kisogo. Ndipo natambua nimetoa nini. Mara ya mwisho kuuona uso wa Tusa ilikuwa kule. Namwambia nirudishie, mama, chukua mwingine, chukua huu mji wenye chuo, chukua wowote. Anasema, kilichopokelewa kimepokelewa, na ukikosa tena umebakiwa na mji mmoja tu, huo hapo. Ananyoosha mwavuli na bweni langu liko mbele yetu, kubwa, ukubwa wa kweli, limeishika miji yote miwili kwa mikono yake, upande wa mashariki na upande wa magharibi.

Naingia kwa mashariki. Ni pazuri, nasema bila unyenyekevu wowote, mwanga unashuka pale nilipoutaka, wasichana wasio na nyuso wanatembea na ndoo na mataulo, na mwisho wa korido mlango unafunguka kwa kusukumwa kidogo tu na wanatokea uwanjani. Nasimama nawaangalia wakitoka, mmoja baada ya mwingine, na machozi yananijia. Halafu navuka ukumbi wa kati kwenda magharibi. Kila kitu ni kilekile, kimegeuzwa tu, bawaba zilizokuwa kushoto ziko kulia, na wasichana wa huku hawatembei. Wamesongamana mwisho wa korido, kimya, na harufu ya gundi imekuwa harufu ya moshi. Dada Atu. Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Siwezi kujua ni yupi kati yao, wote ni laini, wote ni weupe, lakini sauti ni yake, hata ule mkwaruzo wa kifua chake upo. Dada Atu, sisi wa upande huu tunatokea wapi? Mlango si huo hapo mbele yenu, namwambia, usukumeni. Tumesukuma. Sukumeni tena, basi. Njoo usukume wewe, wewe si ndiye fundi. Ananitania hata hapa. Najipenyeza kati yao, nasukuma kwa bega, na mlango unafunguka upana wa kiganja, unagonga kitu, unagoma. Napitisha mkono. Nje kuna ukuta. Ukuta wa mpaka wa kiwanja, mrefu, umekuja hadi kwenye mlango.

Kitendawili, anasema yule mama nyuma yangu, na kanga yake inaanza kubadilika rangi kwa moto. Tega, nasema, tega upesi. Mama kazaa mara moja kapata mapacha, mmoja anatoka, mwenziwe anatazama ukuta. Hapa sifikiri. Ndivyo tunavyofanya wote pale studio: jengo likiwa na pande mbili zinazofanana, unachora upande mmoja, halafu unaiamuru kompyuta iupindue kama kwenye kioo, na upande wa pili unapatikana wakati unakunywa chai. Kioo hakijui kwamba mashariki kuna uwanja na magharibi kuna ukuta. Ukuta ule niliuchora mwenyewe siku ya kwanza na sikuutazama tena. Ni bweni langu, nasema. Ni ramani yangu. Umepata, anasema, sikudai mji. Basi wafungulie! Kwa mikono ipi, anasema, na natazama, na kweli, mikono yake nimeikata imeshikamana na mwili kwa sababu mikono ni kazi ngumu kukata. Tusa ananishika kiganja, ukingo wake ni mkali wa kadibodi. Dada, kisu kiko huko kwako, amka ukate. Namwambia nitazame kwanza, nikuone. Uso uliutoa njiani, anasema, bila kunilaumu. Nenda.

Kasiga ananitikisa. Jopo liko meza ya pili, nawasikia wakibishana kuhusu ngazi za mtu. Shavu langu limenata mezani. Nainama kwenye modeli, upande wa magharibi, naweka jicho kwenye korido, na ni kweli, mlango uko pale, safi, umepakwa rangi, na nje yake ukuta wa mpaka, kati yao hakipiti hata kidole. Miezi yote hii. Jopo limeuona kwenye michoro, Dokta Mshiu ameuona, mimi nimeulalia. Nachukua kisu. Kasiga ananong'ona, umechanganyikiwa, wanakuja! Nakata ukuta wa bweni upande wa kusini, ambako mpaka uko mbali, pale korido inapoishia, nakata vibaya, kadibodi inachanika, nabandua na kipande cha sakafu, mpaka njia inatokea uwanjani. Najikata na kidole. Sijali. Nikiinua kichwa wameshasimama mbele yangu, jopo zima, na Dokta Mshiu yuko katikati, amelipa mgongo dirisha. Hiki nini, anauliza, umebomoa kazi yako? Nasema hapana Dokta, nimewafungulia. Halafu mmoja wao anaitikia kwa kichwa taratibu, na moyo wangu unatulia, na nauona ule upenyo mbaya kuwa ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kutengeneza.

Vizuri, anasema Dokta Mshiu. Tuelezee basi, mradi huu uko mji gani? Nafungua mdomo. Najua ni kwetu, najua nilichagua kwetu makusudi, ili Mama alione. Nageukia mchoro ukutani, pale juu nilipoandika jina kwa herufi kubwa, na pale juu ni peupe. Kasiga anatazama viatu vyake. Mwanga wa dirishani unaniumiza macho, na mahali pa uso wa Dokta Mshiu naona mng'ao tu, laini, hauna kitu. Hujui, anasema kwa upole. Basi nipe mji. Naikumbatia modeli kwa mikono yote miwili. Ninao huu mmoja tu, na wasichana bado wanatoka.