Nafasi ya Kalista Mlangoni

Polikarp alikuwa ametanga maisha yake yote. Kasanga, Mpanda, hadi ng'ambo Zambia, kamera begani, akipiga picha za harusi na vipaimara, na kila mahali akiondoka kabla hajazoeleka. Nyumba hakujenga, mtoto hakupata. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, amepanga chumba mtaani Kizwite, na kitu kimoja tu alichowahi kukianza akakaa nacho ni ile kazi ya miaka kumi.

Mwaka 2015 aliwakusanya wapenda picha wanne wa Sumbawanga, yeye wa tano. Kila mmoja achague kaya moja, na kila Julai, mavuno yakishaingia ndani, akaipige picha mlangoni pa nyumba yao, palepale. Masharti yalikuwa mawili. Mtu asiingilie kaya ya mwenzake, maana ukienda na wewe utaanza kuwapanga utakavyo. Na picha isiguswe, ibaki kama jicho la kamera lilivyoona. Miaka kumi ikitimia, wazibandike zote ukumbini pa parokia.

Ikatimia. Ikawa imebaki picha moja tu, ya mwisho ya kijiji cha Kaoze, kule bondeni, kaya aliyoichagua Edwin, mmoja wa wale wanne. Wakakutana studio kwa Edwin, pale Majengo, yeye na Polikarp na mwenzao Avelina, nesi mstaafu, wazipange zile zilizokwisha kusafishwa.

Avelina alisimama muda mrefu mbele ya picha tisa za Kaoze. Mume, Maximilian, kushoto. Mkewe, Kalista, kulia. Mlango katikati yao.

"Huyu mama mwenzangu anapaka nini?" akasema. "Mume anazidi kupinda, yeye hazeeki."

Polikarp akacheka. "Kalista? Yule ni chuma, dada. Mwaka tisini na nane nilianguka na homa kwao, wiki mbili ananinywesha uji wa ulezi kama mtoto mchanga. Hata sikuwa ndugu yake."

"Sawa, ni chuma. Na kitenge chake nacho ni chuma? Tazama mkunjo huu hapa begani. Mwaka ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Uleule."

Polikarp akasogeza miwani, akainama. Kisha akamgeukia Edwin, ambaye alikuwa anafuta lenzi isiyo na vumbi.

"Edwin."

"Naam, mzee."

"Kalista yuko wapi?"

"Alifariki, mzee. Februari, mwaka ishirini na moja."

Polikarp akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Miaka mitatu, kila Julai, alikuwa anaishika picha ya yule mama na kujisemea, kazi ikiisha nitashuka bondeni na kilo mbili za sukari nikamsalimie. Alikuwa anajiahidi kwenda kumsalimia marehemu. Na aliyewakataza watu kwenda kwenye kaya za wenzao ni yeye mwenyewe.

"Mzee Maximilian aliniomba," Edwin akasema. "Mzee, hapa studio kila siku watu wananiletea marehemu wao niwapachike katikati ya walio hai. Baba kwenye harusi ya binti, bibi kwenye ubatizo. Ndiyo kazi inayonilisha. Yule mzee alinishika mkono analia. Ningemsomea masharti?"

"Zile halisi ziko wapi? Alizosimama peke yake?"

"Nilishafuta. Memori kadi ilikuwa imejaa."

"Umefuta," Polikarp akasema taratibu. "Miaka mitatu ya mtu."

Kesho yake Polikarp alichukua kamera akashuka Kaoze mwenyewe.

Maximilian alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alimtazama mgeni, akakunja uso, kisha meno machache yakaonekana.

"Polikarp! Kumbe hujafa?"

"Bado, bwana. Barabara zimenikataa."

"Za huku hazijamkataa mtu. Karibu."

Polikarp akampa pole aliyopaswa kuitoa miaka mitatu nyuma. Maximilian akaitikia kwa kichwa. Walikaa. Kuku walipita katikati yao wakidonoa punje.

Ilipofika wakati wa picha, mzee alivaa koti, akaenda mlangoni, akasimama kushoto kabisa, bega likigusa ukuta. Kulia akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Sogea katikati kidogo, ndugu yangu."

"Hapa ndipo panamfaa Edwin."

Polikarp akapiga. Kwenye kioo cha kamera aliona mlango mweusi, mzee amebanwa pembeni, na ukuta mtupu upande wa pili. Katika miaka hamsini hakuwahi kupata picha ya kweli namna ile.

"Mwambie Edwin mwaka huu amvalishe Kalista kile kitenge cha bluu," Maximilian akasema akivua koti. "Kile cha kijani ameshakichosha."

Polikarp angeweza kuitikia tu. Angekuwa Mpanda au Kasanga, kesho yake anaondoka, angeitikia.

"Sitamwambia, bwana. Tulikubaliana zisiguswe. Nataka kuibandika hii, kama ilivyo."

Maximilian akaokota gunzi, akalitazama, akalitupa.

"Watu wote wa Ufipa waje kuniona nimesimama na ukuta?"

"Waone ukweli."

"Ukweli nalala nao kila siku, Polikarp. Sihitaji kuonyeshwa parokiani. Kama mke wangu hayupo, usitubandike kabisa. Hata moja."

"Ni kaya yako," Polikarp akasema mwishowe.

"Ndiyo. Ni kaya yangu."

Aliporudi mjini, alimkuta Avelina ukumbini, peke yake, ameshapigilia misumari na kuzitundika picha. Akamweleza.

"Basi tuondoe zile tatu za uongo tu," Avelina akasema. "Zile sita alikuwa hai. Zile ni zake kweli."

"Amesema hata moja."

"Na kazi ya miaka kumi, kaka?"

Polikarp alipanda kwenye benchi, akaanza kuzishusha zote tisa za Kaoze, kuanzia ile ya 2015, ambamo Kalista alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo. Akailaza kifudifudi mezani, akapanda tena kuchukua ya pili.