Nyuki wa Mpakani

Nyuki walikuja Januari, wakati vumbi la Langas lilikuwa likiingia hadi ndani ya mkebe wa chumvi. Hawakutafuta mti kama nyuki wenye adabu zao. Walichimba ardhi. Kila mmoja alijitobolea shimo lake dogo, akatupa udongo nje, na katika uwanja wote ule walipapenda mahali pamoja tu: kuzunguka kigingi cha mpaka.

Kigingi kilipigwa na mpimaji mwezi wa Desemba, siku tulipookota karatasi za kura kwenye kofia, sisi tuliouza ng'ombe na vitanda ili tupate hisa katika shamba la Kaburu aliyerudi kwao. Upande huu ukawa wangu mimi Nyakio na mume wangu Gathogo. Upande ule ukawa wa Rael, Mama Kipyego, mke wa Mwalimu Kimeli. Mpimaji alisema atarudi kabla ya mvua kubwa kuweka bikoni ya simiti, alama ya kudumu. "Na mpaka siku hiyo," akasema, "atakayehamisha kigingi, ploti yake anapewa mwingine." Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Nilishaona ardhi ikienda. Baba yangu alipokuwa kizuizini, kule nyumbani mashamba yalipimwa upya bila yeye, na alipofunguliwa alionyeshwa mteremko wa mawe akaambiwa ndio wake. Mama yangu alikufa akilitazama shamba la migomba lililokuwa letu. Kwa hiyo kule Langas, kabla ya kuwasha moto asubuhi, nilienda kwanza kukitazama kigingi. Siku nyingine niliapa kwamba kimesogea. Nilirudi, nikatazama tena, nikajiona mjinga, na moyo haukutulia.

Gathogo hakuwa na shida hizo. Alikuwa akiuza katika duka la ndugu yake kule Soy na kurudi Jumamosi. Alipowaona nyuki alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Chemsha maji umwage," akasema. "Halafu chukua jembe utoe hiyo takataka yote." Kisha akapunguza sauti. "Na ukirudisha kigingi, hata kikienda hatua moja upande ule, nani atajua?"

Akacheka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha. Mwanamume anayelala Soy wiki nzima anaweza kufanyia mzaha kitu ambacho mwingine anakilinda.

Jumatatu nilichemsha maji. Binti yetu Njambi alikuwa akitembea pekupeku uwanjani, na nilishamwona kwa macho ya mawazo amevimba uso, nami niko mbali na hospitali. Nikabeba sufuria mkono mmoja na jembe mkono mwingine. Sikuwa nimeinama hata kidogo Rael alipopaaza sauti kutoka kwake.

"Mama Njambi! Jembe ya nini hapo?"

Hapo ndipo nilipojiona kama alivyoniona yeye: mwanamke na jembe kwenye kigingi, mume hayuko. Nilitaka kusema mambo mengi kwa pamoja, na lililotoka ni moja tu.

"Ni nyuki!"

Rael alikuja mbio, lakini alipofika mpakani alisimama upande wake. Alichuchumaa akatazama.

"Hii haina shida," akasema. "Haiumi ovyo ovyo, labda uifinye. Kwetu ilikuwa inachimba hivi hivi kwa uwanja, sisi tunazunguka tu. Mvua ikikuja utakuta imeisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto umuonyeshe njia ingine." Kisha akaliangalia jembe, si mimi. "Lakini hapo usichimbe, Mama Njambi. Tafadhali."

Ile tafadhali yake ilinichoma kuliko nyuki yeyote. Nilirudi na maji yangu nikafulia nguo.

Basi tukakaa na nyuki. Nilihamisha kamba ya nguo. Upande wangu nilizungushia matawi ya miiba ili Njambi asikanyage. Upande wa Rael sikuthubutu kuweka hata jani. Udongo wa mbele ya mlango niliuloanisha kila asubuhi, kwa kuwa niliona hawachimbi penye unyevu. Njambi alijifunza kuzunguka upesi kuliko nilivyojifunza mimi kuacha kumpigia kelele. Wao nyuki hawakuwa na habari nasi. Waliingia na kutoka na vumbi la manjano miguuni, kila mmoja akijua mlango wake. Sitadanganya kwamba niliwapenda. Lakini nilipokuwa nikikikagua kigingi nilikuwa nikiwaona na wao, na niliona wamechimba duara kamili kukizunguka, pande zote.

Asubuhi moja nilitoka kama kawaida, nikakuta kigingi kimelala chini.

Kililala upande wangu, ncha yake ikiwa na udongo, na pale kilipokuwa kimesimama udongo ulikuwa umeporomoka, shimo limejifukia. Nilikiinua. Nisipokirudisha, wataniambia nimeking'oa. Nikikirudisha peke yangu nikakosea upana wa kiganja, wataniambia nimekihamisha. Na mtu akipita sasa hivi, amenikuta nimekishika! Maneno ya Gathogo yakanijia yote, hatua moja, nani atajua, nikahisi kana kwamba yeye ameyasema na mimi nimeyatenda. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikakiweka kigingi chini palepale nilipokikuta.

"Mama Kipyego!" niliita. "Mama Kipyego, kuja! Kuja uone!"

Sikumwita kwa wema. Nilimwita kwa woga.

Rael alitoka upesi, leso mabegani, amevaa viatu tayari. Alifika, akakitazama kigingi, akanitazama mimi. Hakuuliza nani.

"Kimeanguka," nikasema. "Nimekikuta hivi. Nimekiinua kidogo tu, nikakirudisha chini. Mungu ananiona."

"Kilikuwa wapi?"

Nilitazama ule udongo ulioporomoka, na kwa mara ya kwanza tangu nyuki waje nikashukuru kwamba sikuwamwagia maji. Maana duara lao lilikuwepo, vilima vidogo vya udongo, kimoja kando ya kingine, bila hata kimoja kuguswa na jembe.

"Hapa katikati," nikasema. "Angalia mwenyewe. Wamezunguka hivi, wamezunguka hivi. Kilikuwa hapa."

Rael alivuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga upande wangu. Alipiga magoti, akafuata duara kwa kidole, na nyuki mmoja akatoka shimoni akampita kidoleni bila kumjali. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Tulikishika kigingi pamoja, mkono wake mmoja juu ya wangu, nikakipiga kwa jiwe polepole, yeye akiwakinga nyuki kwa leso ili wasishtuke. Kiliposimama nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Machozi yakanitoka, nami si mtu wa kulia mbele za watu.

"Ni ndama yangu," Rael akasema.

"Nini?"

"Alikuwa anajikuna hapo jana jioni. Nilimuona akikiangusha." Alikuwa bado amepiga magoti, akijipangusa udongo mikononi ingawa udongo ulishaisha. "Mwalimu akasema tusiguse. Akasema tuone Mama Njambi atakirudisha wapi."

Nikaitazama nyumba yake. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na ndani, nyuma ya moshi, niliona kofia. Kisha kofia nyingine. Kisha uso wa mzee wa kamati, yule aliyetushikia kofia siku ya kura, ananiangalia. Alipoona nimemwona aliinamisha macho.

"Wamekaa hapo tangu alfajiri," Rael akasema kwa sauti ndogo. "Wacha niende niwapatie chai, warudi kwao."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri, ya Kikuyu, ambayo asingeyaelewa. Lakini nilijua kwamba kama ndama angekuwa wangu na jembe lingekuwa lake, mimi pia ningewaita wazee, tena ningewaita usiku uleule wasije wakachelewa. Nikabaki nimekishika kile kigingi, nikashindwa kukiachia, naye akaenda kuwapikia chai.