Rubani Asiyeonekana wa Ubaruku

Damari alikuwa akianika kanga nyuma ya nyumba yake, Ubaruku, marehemu mumewe alipopita juu ya mpunga. Alipita chini sana. Kanga mbili zikaangukia kwenye tope.

"Baba Brayson, nimezifua sasa hivi!"

Ezekia alikuwa rubani wa ndege ya mabomu wakati wa vita vya Kagera. Siku hizi aliruka bila ndege, kwa kuwa ile ilikuwa mali ya serikali. Tangu azikwe, kila mpunga ulipoanza kuiva alirudi kuamia ndege aina ya kwelea kwelea, wasiule. Alikuja nyuma ya kingo za majaruba, jua likiwa mgongoni, akaibuka ndege wakiwa bado wanameza. Majirani walishukuru. Walimwomba tu apumzike Jumapili, maana alipeperusha karatasi za kwaya.

Vitani pia aliruka chini, hata adui hakumwona. Wenzake nao hawakumwona. Ndiyo maana jina lake halikuwemo kwenye jiwe la mashujaa pale kijijini: hakupatikana shahidi. Kila Damari alipopita pale, alilisoma jiwe lote tena, kama vile jina lingeweza kuota.

Mwaka huu Sosthenes, afisa anayeshughulikia jiwe hilo, alikubali kuja kutoka Mbeya. "Nikimwona kwa macho yangu, mama, tunachonga."

Asubuhi ya siku aliyokuja, Damari alimpelekea mumewe uji shambani.

"Leo panda juu kidogo, akuone."

"Nikionekana, wananitungua."

"Umeshakufa, mume wangu."

Ezekia alifikiri. "Kweli. Nitajitahidi."

Afisa alisimama kwenye kingo, kofia kichwani. Kwelea kwelea walitua kwenye jaruba la Devota, jirani yao, ambaye hakuwa na shamba lingine. Ezekia akaja, akaanza kupanda. Ndege mmoja akainua kichwa. Papo hapo Ezekia akashuka.

Upepo ukapita. Ndege wote wakatawanyika. Kofia ya afisa ikaishia mferejini.

"Sijaona mtu," alisema Sosthenes. "Ila mna upepo mkali." Akapokea mchele aliozawadiwa, akausifia kwamba haukuliwa na ndege, akaondoka kichwa wazi.

Jioni Ezekia alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Nimezoea vibaya, Mama Brayson."

"Najua. Ingia ule."

Mpunga wa Devota ulivunwa wote. Jiwe lilibaki na majina yale yale. Damari aliifua kofia ya afisa, akaianika katikati ya kanga zake na kuvibana vyote kwa vibanio vipya.

Ezekia alipita. Vibanio havikusaidia.