Sanamu ya Nyanya Yetu

Kwetu mama mzaa mama tunamwita nyanya, na zao letu pia ni nyanya, na hatujawahi kuchanganya. Mtu akisema nyanya zimeoza, hakuna anayeanza kulia. Kuchanganya kulihitaji watu wa ofisini.

Mimi nilikuwa nafagia na kuchemsha chai katika ofisi ya chama cha wakulima. Siku moja, napangusa meza ya katibu, nikaiona barua ya kwenda kwa fundi wa sanamu mjini: "Tunahitaji sanamu ya nyanya yetu, ya saruji, mita nne, ikae njia panda, kuenzi kilimo. Iwe imenona."

"Samahani, katibu," nikasema. "Fundi atajua ni nyanya ipi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi kaoshe vikombe."

Nikaosha. Nikavisugua hasa.

Hapo njia panda ndipo ilipokuwa meza ya nyanya yangu, tangu barabara ikiwa vumbi. Meza hiyo ndiyo iliyonilea baada ya mama kufariki. Wiki ileile mwenyekiti wa chama akamfuata, mikono nyuma.

"Mama, meza hii uiondoe kabla ya ufunguzi. Tunajenga kumbukumbu ya wakulima."

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mkulima, mama, lakini unaziba."

"Nitauzia wapi?"

"Tutaunda kamati."

Siku ya ufunguzi lori lilichelewa. Mgeni rasmi alikwisha kukaa kwenye kivuli cha hema, chupa ya maji mbele yake, wakati mzigo unateremshwa umefunikwa turubai. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai nyuma ya wakubwa, nikamsikia mwenyekiti akimnong'oneza katibu.

"Mbona ina mabega?"

"Labda ni kikonyo."

Turubai likavutwa. Akatokea bibi kizee wa saruji, kilemba kichwani, mashavu yamejaa kama walivyoagiza, mikono mitupu magotini. Kisha mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Shikamoo, nyanya!"

Mgeni rasmi si mtu wa kuinua macho kwenye karatasi. Alisimama akasoma alichoandikiwa.

"Ndugu wananchi, nyanya hii imetutoa mbali! Tumeikamua. Tumeisaga. Ikianza kulainika, tumeisukumia wengine kabla haijatuharibikia. Na miaka yote hiyo, ndugu zangu, haijawahi kulalamika!"

Watu walishikana mabega kwa kucheka. Nyanya yangu alikuwa pembeni, meza yake imepinduliwa juu ya mkokoteni, ndoo zake za nyanya chini.

"Leo kasema kweli," akasema, wala hakupunguza sauti.

Ndipo mgeni rasmi akatazama juu. Akatazama sana. "Mwenyekiti, nyanya ziko wapi?"

Shati la mwenyekiti lilikwisha kumganda mgongoni. Nikainama kumpa kikombe. "Mzee," nikamwambia taratibu, "ile meza ikikaa miguuni pa sanamu, itaeleweka."

"Zipo, mheshimiwa!" akaruka. "Meza ni sehemu ya sanamu! Ndio mpango wenyewe! Mama, shusha meza, haraka!"

Nyanya hakuwa na haraka. "Kwa leo tu?"

"Kwa siku zote, mama, panga!"

"Sema vizuri, mheshimiwa hajasikia."

"Siku zote!"

Akashusha. Nikaacha sinia nikamsaidia kupanga, kubwa mbele, zilizobonyea nyuma. Mgeni rasmi akapiga makofi, akasema ni ubunifu.

Kesho yake katibu alieleza kwenye kikao kwamba mfagiaji ndiye aliyemchanganya kwa maswali alipokuwa akiandika. Nikarudishwa nyumbani. Siku hizi nauza na nyanya, na chai namchemshia yeye.

Wageni husimamisha magari, wakapiga picha. Juzi mmoja, mwenye kofia pana, alimpungia nyanya mkono: "Mama, hebu sogea kidogo, unaharibu picha ya bibi."

Nyanya alikuwa anafuta nyanya moja kwa kitenge chake. Hakunyanyuka.

"Mwambie mwenzangu huyo asogee," akasema. "Yeye ndiye aliyenikuta hapa."