Upepo wa Bi Mkubwa

Siku ya gulio, watu wakishakunywa chai ya asubuhi, fundi Mrisho aliitwa uani kwa Azan kwenda kujaza upepo baiskeli ambayo haikukubali kusukumwa mpaka kibandani kwake. Alikwenda na pampu mbili, ya mkono na ya mguu, pamoja na beseni, msasa na kopo la gundi. Alimkuta Azan amesimama, mikono kiunoni, na mkewe Waride ameketi mkekani kivulini, ungo mapajani, anachambua mchele.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Haikuwa na kengele, madigadi wala keria. Breki haikuwa nayo pia. Pedeli zake hazikujua kupumzika: gurudumu likizunguka na miguu izunguke, upende usipende. Na hayo magurudumu hayakuwa na spoku hata moja. Yalikuwa mabapa matupu, kama masinia mawili ya pilau yaliyosimamishwa.

"Umeiokota wapi hii?" Mrisho akauliza.

"Dar. Imeshuka na kontena la mitumba. Wazungu wanashindana nayo uwanjani, wanazunguka wee, jioni wapo palepale."

"Hawana pa kwenda?"

"Mimi ninapo," Azan akasema.

Waride akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Watu waliokuwa juzi tu wamepanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika sasa walinunua viatu vya kuteleza kwenye barafu, na wakavivaa shambani. Kila kitu kilishuka na kontena, na aliyeshangaa alionekana mshamba. Na hapa mjini Kibiti hakuna aliyetaka kuonekana mshamba.

Matairi yalikuwa membamba kama kidole. Tairi na tyubu vilishonwa pamoja kama mto, kisha vikagandishwa kwenye sinia kwa gundi. Kidude cha kuingizia upepo kilijificha ndani ya kitundu cha lile bapa, na mdomo wa pampu haukukifikia. Mrisho alijaribu pampu ya mkono, akajaribu ya mguu, akachonga bua la mtama akaliunga katikati, likapasuka. Mwisho akaweka mdomo wake mwenyewe, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Tairi likabaki limelala.

"Fanya upesi, bwana Mrisho," Azan akasema. "Alasiri niwe Dimani. Zawadi kaniwekea kuku."

Zawadi alikuwa mke wa pili. Azan alimwoa kimyakimya baada ya mavuno, na Waride aliipata habari kwa muuza dagaa, tena dagaa wenyewe wakiwa wameshapimwa. Waride alikuwa binti ami wa Azan, wa nyumba ya watu waliouza nguo na ubani kando ya mto tangu enzi za mababu. Kwao mwanamke hagombani kwa ajili ya mwanamume. Anafunga mdomo, anapika. Basi alishusha pumzi tu.

Pumzi ikapita juu ya ungo, ikavuka ua, na tairi la nyuma likafanya fyuu, likainuka, likajaa.

Mrisho akalibonyeza kwa kidole gumba. "Limekubali."

"Kwa pampu ipi?"

"Pampu haihusiki. Huo ni wivu wa bi mkubwa. Upepo wa pampu hauwi mgumu namna hii." Akaanza kukusanya vyombo vyake. "Usiiache juani, bwana Azan. Wivu ukipata joto unatanuka. Na la mbele bado."

Azan akamgeukia mkewe. "Nitalala hukohuko."

"Leo zamu yangu," Waride akasema.

"Najua."

La mbele nalo likajaa.

Tuelewane kuhusu zamu, maana hapo ndipo penye kidonda. Mume wa wake wawili hugawa siku, mbili huku, mbili kule. Zamu huanza magharibi, na mwenye zamu huweka ndoo ya maji ya moto bafuni na taulo juu ya mlango. Mke hana cha kudai zaidi ya hapo, lakini hapo anadai kwa haki yake, na hata shehe atasimama upande wake. Waride hakutaka Azan amwache Zawadi. Alitaka zamu yake, basi.

Njia ya Dimani ni mchanga. Zile baiskeli nzito za Kichina huzama mpaka mnyororoni, wenyewe hushuka wakazisukuma huku wakitukana. Azan alipita juu ya mchanga na vijitairi vyake bila kuacha hata mstari. Wanawake waliobeba kuni walimpisha wakamsalimu, naye akaitikia akiwa ameshapita, kwa sababu kusimama hawezi. Alipofika kwa Zawadi alidaka nguzo ya baraza, akazunguka nayo, akatua. Wazee wa Dimani walilitazama lile tairi wakasema huo wivu ni wa nyumbani, si wa kununua.

Azan alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa wafanyabiashara. Bidhaa inayopatikana nyumbani huiagizi nje, hilo hakufundishwa na mtu. Safari ikikaribia alivuta kigoda karibu na Waride, akaiegemeza baiskeli kati yao, akasimulia. Zawadi akicheka kanga inamdondoka. Zawadi ana mwanya, we acha tu. Akinunua doti mbili za kanga, moja huku moja kule kama inavyotakiwa, aliitandaza kwanza ya Zawadi, akamwuliza Waride rangi hii haitamtoa? Kisha akabonyeza matairi.

Zamu za Waride zikaanza kuliwa. Ndoo ya maji ya moto ilipoa bafuni, asubuhi akaimwagia migomba. Akikosa zamu wivu unazidi, wivu ukizidi tairi linakaza, tairi likikaza Azan hana cha kungojea. Hata pampu ina huruma, huchoka! Azan hakuchoka. Alinenepa.

Waride alijitahidi kuuzuia wivu usitoke. Alitafuna karafuu, ukatoka na harufu ya karafuu. Alijifunga kanga mdomoni, ukatokea puani. Alihamia kwa jirani, na Azan akaisukuma baiskeli mpaka kwa jirani, akaiegemeza dirishani kwa adabu zote, hodi na nini. Timu ya mtaa ikasikia, ikaleta mpira wake uliolegea, ukajaa, wakashukuru wakaenda zao. Siku hiyo Waride alilia kwa aibu. Wivu wa mtu kuchezewa mpira, jamani!

Akaenda kwa somo yake, Bi Mwanajuma, aliyemfunda alipovunja ungo.

"Nipe dawa ya wivu, somo."

"Haina dawa. La kuvunda halina ubani. Umewahi kumwona?"

"Nani?"

"Mwenzio huyo."

"Aka! Nikamwone mimi?"

"Unamwonea wivu mtu wa kusimuliwa, mwanangu. Nenda kamtazame huyo wa kweli. Huenda akakuchosha."

Waride akapanda lori la korosho kwenda Dimani. Alibeba sukari na mche wa sabuni, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu hata kwa mke mwenza. Alimkuta Zawadi anapepeta mpunga, matope mpaka magotini, kanga yake imechanika pindoni. Mwanya alikuwa nao, hilo kweli. Kucheka hakuwa akicheka.

"Shikamoo, bi mkubwa," Zawadi akasema, akatandika mkeka.

"Marahaba, bi mdogo."

Wakala wali na kisamvu. Paa la makuti lilikuwa na matundu, na Zawadi alikuwa amepanga sufuria chini ya kila tundu.

"Ati kwako kuna sakafu ya saruji," Zawadi akaanza. "Ati una bati, mvua ikinyesha hushughuliki. Ati chai yako ina iliki mpaka mtu anaiota."

"Kakwambia nani?"

"Si yeye! Akitaka kurudi anaiegemeza baiskeli hapo, hapo ulipokaa, anasimulia. Nikishusha pumzi anaondoka. Siku nyingine zamu yangu haijaisha."

Waride akaweka bakuli chini. Kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza Azan anarudi kwa upepo gani, akadhani unabaki wa kwendea.

"Kumbe mimi ni wa kwenda tu," akasema.

"Na mimi wa kurudi."

Hapo Zawadi akacheka. Kanga haikudondoka. Waride naye akacheka, kisha hasira zikawashika wote wawili kwa pamoja, hasira za kweli, wakamtukana Azan kuanzia kisogoni mpaka unyayoni. Walipomaliza wakapeana mikono kwamba hakuna tena kuoneana wivu. Waride akamsuka Zawadi nywele mpaka lori liliporudi. Ni vigumu kumwonea wivu mtu ukishamsuka na kusikia anavyopiga kelele.

Matairi yakalegea. Azan alisimulia mwanya, kicheko na kiuno, na Waride akamjibu, "Mwambie bi mdogo apake mafuta ya nazi, kichwa chake kikavu." Kule Dimani alisimulia bati, saruji na redio, na Zawadi akamjibu kwamba bi mkubwa kasema redio yenyewe inakoroma. Azan akabonyeza, kidole kikazama. Akamwita Mrisho, naye akatazama, akasema hakuna pancha, ni watu tu wamepatana, na hilo hana kiraka chake.

Basi Azan akawa anakwenda kwa miguu. Kwa miguu mtu hana ujanja, siku zinagawanyika zenyewe. Magharibi ya zamu yake Waride aliweka ndoo bafuni na taulo juu ya mlango, na maji yalitumika yangali moto. Alimtazama mumewe anakula, akafurahi, na furaha yenyewe haikuwa kubwa, ilikuwa ya kumtosha.

Mvua za vuli zilipokatika, Azan akaipakia ile baiskeli juu ya lori, matairi yamelala, akasema anakwenda Bungu kutafuta gundi. Ilikuwa zamu ya Waride. Aliweka maji, yakapoa. Kesho yake adhuhuri Azan alirudi amelipanda lile dude, miguu inazunguka, kanzu inapepea. Akadaka nguzo, akazunguka, akatua, akaingia ndani kulala.

Waride akashuka barazani, akabonyeza. Matairi yalikuwa magumu kuliko alivyowahi kuyajaza yeye.

Zawadi, akasema moyoni. Gundi gani ya Bungu, alikwenda Dimani huyu! Mkono kanipa bi mdogo, roho kaiweka nyuma. Uchungu ulimpanda, na alichosikitikia zaidi hakikuwa mume, zilikuwa zile nywele alizozisuka kwa mikono yake.

Siku ya pili yake alasiri Zawadi mwenyewe akatokea. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini, hakusalimu, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Bi mkubwa, tulipeana mkono."

"Neno hilo nimekuwekea wewe."

"Mimi? Kapita mtu Dimani anasema bwana kaonekana barabarani juu ya baiskeli, tairi kama jiwe. Nani kaijaza kama si wewe?"

"Si wewe?"

"Nimjazie wapi? Kwangu hajaja tangu zamu yangu iliyopita!"

"Wala juzi, aliposema anakwenda Bungu, hakulala kwangu," Waride akasema.

Kisha Waride akainuka, akaenda ilipoegemezwa baiskeli, akainama, akalinusa tairi la nyuma. Wivu una harufu ya mwenyewe, wake aliujua na wa Zawadi angeujua. Huu ulinuka mihogo ya kukaanga, ile inayouzwa Bungu mabasi yakisimama.

"Njoo unuse," akasema.

Zawadi akanusa. "Wa tatu," akasema.

"Anatuonea wivu sisi."

"Sisi? Kwa lipi?"

"Sijui katusimuliaje."

Walirudi kukaa ngazini, bega kwa bega. Waride alitaka kusema kwamba wasimfikirie, kwamba wampelekee sukari na mche wa sabuni, wakamtazame. Aliyapanga maneno yote hayo kichwani, akayaona ni ya maana, akafumbua mdomo.

"Ana nini huyo?" Zawadi akauliza kwanza.

Hapo kila mmoja akamwona wake. Waride alimwona ana kiuno chembamba, na Zawadi alimwona ana sakafu ya saruji. Pumzi zikawatoka kwa pamoja, ndefu, na matairi yaliyokuwa yameanza kulegea yakakaza mpaka mishono ikalia.

Azan akatoka ndani, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, kanukia. Akabonyeza la mbele, akabonyeza la nyuma. Akawatazama wakeze walivyokaa pamoja, akaridhika.

"Mwenyezi Mungu awazidishie, wake zangu," akasema, tena kwa moyo mkunjufu kabisa.

Akapanda, akashika barabara ya Bungu. Ilikuwa imebaki kidogo magharibi iingie, na zamu ilikuwa ya Zawadi.