Moto wa Bihogo

Siku Pancras na watu wake walipohamia kijiji cha ujamaa, hapo Murukulazo, waling'oa kila kilichong'oleka. Mlango ulipanda lori, nguzo zikapanda, kinu kikapanda, na kuku nao wakapanda, miguu juu vichwa chini. Bibi Koleta, mama yake Pancras, alipakata kigae chenye makaa ya jikoni tangu kilimani hadi kwenye nyumba mpya, akiyapuliza kama anayebembeleza mtoto. Ng'ombe wao wa pekee, Bihogo mwekundu, alikuja nyuma kwa miguu, akiswagwa na Verediana, binti wa Pancras, aliyekuwa na miaka tisa.

Nyumba mpya zilijipanga kando ya barabara kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Verediana alizipenda. Aliyezikataa ni Bihogo.

Kila jua likiinama, Bihogo alikata kamba akarudi kwenye zizi la zamani kule kilimani. Tena hakupita njia ya watu. Alikata moja kwa moja katikati ya shamba la ujamaa, juu ya mahindi yaliyochipua juzi tu.

Aliporudia kosa, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Telesfori, alifika nyumbani ameshika mche uliopondeka, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa.

"Pancras, huyu ng'ombe wako ni mpinga maendeleo."

"Mwenyekiti, msamehe, hajahudhuria semina."

Majirani wakacheka. Telesfori mwenyewe nusura acheke, akakumbuka cheo. "Shamba ni la wote, mjane na yatima wamo. Kamati imekaa. Akikanyaga tena hata mche mmoja, ni mali ya kijiji. Na wageni wa wilaya wakija, tusilaumiane."

Verediana alijua maana ya wageni wa wilaya: ni sufuria. Na Bihogo alikuwa na mimba, na ndama huyo baba alishamwahidi yeye Verediana. Alikwenda akamkumbatia Bihogo shingoni, wakalia wote wawili, kila mmoja kwa sauti yake.

Bibi Koleta alikuwa akipukuchua maharage. Mikono ikasimama.

"Pancras, mwanangu. Mimi nilibeba moto wa jikoni. Ule wa zizi uliuweka wapi?"

Pancras akageuka kuutazama mlango. Kwao, moto wa zizi, ule wa kinyesi kikavu unaofuka jioni na kufukuza inzi, hubebwa na mwenye nyumba mwenyewe, wala hauwashwi kwa makaa ya jikoni. Ng'ombe huuota moshi wake tangu anazaliwa. Kwake hapo ndipo nyumbani, hata ungemjengea kanisa.

"Nilikuwa nabeba mlango, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Basi mwite Bihogo aje auote huo mlango."

Pancras hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichukua kigae, akamshika Verediana mkono, wakapanda kilima. Zizini palikuwa na chungu ya jivu, juu baridi kabisa.

"Umezimika, baba?"

"Tulia. Kinyesi cha ng'ombe kikishika moto ni kama shangazi yako Secilia akishika kinyongo: juu kimya, chini kunawaka."

Akafukua kwa kijiti, taratibu, hadi chini kabisa, na huko jicho jekundu likawakonyeza. Verediana alipiga vigelegele peke yake kilima kizima.

Wakashuka, baba na kigae, binti akilisha moto vipande vikavu, moshi ukiwatoa machozi. Walipofika ukingoni mwa shamba la ujamaa, jua lilikuwa limeinama. Ng'ambo ya pili wakamwona Bihogo anakuja mbio, kamba inaburuzika, Bibi Koleta nyuma yake akipiga kelele, "Mshikeni! Jamani, mshikeni!" Na kando ya mahindi amesimama Telesfori na fimbo yake.

Bihogo akasimama kwenye mstari wa kwanza, akainua pua. Moshi ulikuwa umemfikia. Sasa angeufuata, na kati yake na huo moshi kulikuwa na mahindi ya kijiji kizima.

Pancras aliganda kama nguzo. Verediana akamnyang'anya kigae.

"Vere! Hubebwa na mwenye nyumba!"

Alikwisha kuondoka. Alikimbia kwenye kijia kinachozunguka shamba, kigae kimeunguza vidole, moshi ukipepea nyuma yake kama kanga. Bihogo akageuza kichwa. Akageuza shingo. Halafu akageuka mzima, akaufuata ule moshi ukingoni, kwato kwenye nyasi, hadi wakakutana kona ya shamba, pua kwa kigae.

Telesfori aliinama, akakagua mstari mche kwa mche. "Hakuna uliokanyagwa," akatangaza.

"Lakini moto umebebwa na mtoto," Bibi Koleta alilalamika, akihema.

"Mama, muulize Bihogo mwenye nyumba ni nani," Pancras alisema. "Mimi ni wa milango."

Jioni hiyo moto uliwekwa kwenye zizi jipya, na Bihogo akalala kando yake, akicheua, kamba ya nini tena. Telesfori hakuondoka. Alikohoa, akasogea karibu na bibi.

"Mama Koleta, na ng'ombe wangu wawili wanalia kila jioni. Mimi nilikuwa nabeba bendera."

"Kaufukue wa kwako mapema, Mwenyekiti, kabla na wao hawajapinga maendeleo."

Kesho yake kijiji kizima kilimwona anashuka kilima na kigae kifuani, mashavu yamevimba kwa kupuliza, jivu limejaa kwenye shati la mikutano. Verediana alitangulia mbele yake, akimsafishia njia.